Mgongo Kwanza

Ukikaa Forodhani, Unguja, jioni, kabla wauza mishikaki na urojo hawajamaliza kupanga meza zao, utawaona vijana wa makachu. Wanapanga mstari, mmoja anarudi nyuma hatua kadhaa, anakimbia pekupeku, anafika ukingoni na kujirusha baharini huku akijipindua hewani. Watalii wanashangilia, simu zote juu. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa kazi nyingine kabisa, habari ya bei ya samaki, nikaishia kukaa pale jioni tatu mfululizo nikitazama miguu ya watu.

Aliyenivuta ni kijana mmoja ambaye hakimbii. Wenzake wote wanakuja mbio uso ukiwa baharini. Yeye anatembea taratibu hadi ukingoni, anageuka, anaipa bahari mgongo, anavuta pumzi, halafu anaondoka kinyumenyume. Jioni ya tatu nikamuuliza kwa nini hafanyi kama wenzake.

"Kaka, mie nikija mbele naiona bahari," akasema. "Nikishaiona tu, miguu inagoma."

Nilicheka, lakini jibu lake likanikaa. Mimi ni mmoja wa wale watu (tupo wachache, najua) ambao usiku badala ya kulala hutazama video za zamani za jimnastiki, hasa zoezi la sakafu. Na swali nililomuuliza yule kijana ndilo swali ambalo mchezo huo umekuwa ukilijibu, bila kulitamka, kwa karibu miaka mia: unaanzaje?

Hebu nieleze kwa wasioujua. Uwanja wa sakafu ni mraba wa mita 12 kwa 12. Ukisimama kona moja, kona ya pili ya mshazari iko mita 17 hivi kutoka ulipo. Hiyo ndiyo barabara yako yote. Wanawake wana sekunde 90 na muziki; wanaume hawana muziki na muda wao ni mfupi zaidi. Ndani ya muda huo mchezaji anakwenda kona hadi kona mara tatu, mara nne, na kila safari ina mbio fupi, kianzio, na mruko mkubwa. Mruko mkubwa ndio unaopigiwa makofi. Ndio unaorudiwa polepole kwenye televisheni. Kianzio hakina mwenyewe.

Nasema hakina mwenyewe kwa maana halisi. Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, FIG, lina kitabu cha alama ambacho waamuzi wanakitumia, na kitabu hicho kina desturi moja nzuri: ukifanya katika mashindano makubwa mruko ambao hakuna aliyewahi kuufanya, mruko huo unapewa jina lako. Kwa hiyo ukurasa wa sakafu unasomeka kama orodha ya mitaa: Silivas, Podkopayeva, Dos Santos, Moors, Biles. Karibu yote ni majina ya miisho. Ukitafuta jina la mtu aliyeanzisha raundofu, ule mgeuko unaotangulia karibu kila mruko uliotajwa humo, hulikuti.

Raundofu ni nini? Unakimbia, unadunda kwa mguu mmoja, unaweka mikono chini mmoja baada ya mwingine kama mtoto anayejizungusha mfano wa gurudumu. Lakini miguu ikishafika juu unaikutanisha, unageuza nyonga, na unatua kwa miguu yote miwili kwa pamoja ukiwa umetazama kule ulikotoka. Wajerumani wameliita jambo hili kwa usahihi kuliko wote: Radwende, mgeuko wa gurudumu. Wafaransa wanasema rondade, na Warusi wakalichukua neno hilo hilo. Baada ya raundofu mara nyingi hufuata flikiflaki, yaani kujirusha nyuma chini kwa chini hadi kwenye mikono na kurudi kwenye miguu, upesi, kama mjeledi. Halafu ndipo mtu anapanda hewani.

Uzuri wake uko hapa. Binadamu tunakimbia vizuri kwenda mbele tu. Lakini kujipindua hewani ni salama zaidi kwenda nyuma. Ukijipindua kinyumenyume, robo ya mwisho ya mzunguko macho yako yanaiona sakafu ikija, na miguu inajua lini ijiandae. Ukijipindua kwenda mbele, kichwa kinapita juu, miguu inashuka mbele yako, na sakafu unaijua pale inapokupiga nyayo. Wachezaji wenyewe husema wanatua vipofu. Raundofu imefumbua fumbo hilo: inachukua kasi ya mbele na kuigeuza kuwa kasi ya nyuma, karibu bila kuipoteza. Dereva yeyote wa daladala atakwambia kwamba gari haliwezi kufanya hivyo.

Sasa, historia. Mwaka 1932, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, sakafu ya wanaume ilipata medali zake za kwanza za mtu mmoja mmoja, na mshindi akawa István Pelle wa Hungaria. Jambo ambalo watu wengi wamelisahau ni kwamba kwenye michezo hiyo hiyo kulikuwa na shindano jingine la mirukoruko peke yake. Medali zote tatu zilikwenda kwa Wamarekani, na dhahabu akaichukua Rowland Wolfe, kijana wa miaka 17. Shindano hilo halijarudi tena Olimpiki. Kwa hiyo kulikuwa na siku moja, mwaka mmoja, ambapo dunia ilikubali kwamba kukimbia na kujipindua kunatosha kuwa mchezo kamili, bila mapambo. Kisha ikaghairi.

Lakini mbinu zenyewe hazikuzaliwa kwenye viwanja vya jimnastiki. Zilitoka kwa watu wa sarakasi, na baadhi yao walitoka Afrika. Katika karne ya 19 vikundi vya wanasarakasi wa Morocco, wengi wao kutoka Sous na wakijinasibisha na walii Sidi Ahmed u Musa, vilizunguka Ulaya na Marekani vikionyesha minara ya watu na mirukoruko. Mabango yaliwaita Waarabu tu, ingawa nyumbani kwao Sous lugha ni Kiamazigh. Hadi leo kwenye jimnastiki, mruko unaoanza kinyumenyume kisha mchezaji akageuka nusu mara tu anapoondoka na kujipindua kwenda mbele unaitwa wa Kiarabu. Jina limebaki, wenye nalo wamesahaulika, na wala halikuwa jina lao sawasawa. Nikisoma hivyo nakumbuka neno letu sarakasi, lililoanza safari kwenye hema la mzungu na sasa linatumika hadi bungeni pale wabunge wanapochafua hali ya hewa.

Wanawake walianza kushindania medali ya sakafu Helsinki mwaka 1952. Ágnes Keleti wa Hungaria alishinda akiwa na miaka 31, akarudia Melbourne 1956 akiwa na 35, safari hiyo akigawana dhahabu na Larisa Latynina. Tazama picha za enzi hizo: uwanja hauna spring, mirukoruko ni michache, dansi ndiyo inatawala. Kianzio hakikuwa na kazi kubwa kwa sababu hakikuwa na mzigo mkubwa wa kubeba. Mzigo uliongezeka Montreal 1976, Nelli Kim alipojipindua mara mbili hewani kwa mruko mmoja, na waamuzi wakampa 10. Miaka hiyo ndipo sakafu zenye spring zikaanza kuenea. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio kweli. Mwaka 1987 Valeri Liukin wa Umoja wa Kisovieti alijipindua mara tatu. Mwaka 1988 Daniela Silivaș wa Romania alishinda sakafu Seoul, akiwa na mruko wa kujipindua mara mbili huku mwili ukijizungusha mara mbili. Mwaka 1992 Li Xiaoshuang wa China aliupeleka ule wa mara tatu Barcelona na kurudi na dhahabu.

Sasa fanya nilichofanya mimi usiku mmoja: zitazame video hizo ukiziba nusu ya pili ya mruko kwa kiganja. Mbio, raundofu, flikiflaki. Mbio, raundofu, flikiflaki. Kama salamu. Romania, China, Urusi, wote wanabisha hodi mlango mmoja.

Wapo waliobisha kwingine. Lilia Podkopayeva wa Ukraine, bingwa wa Atlanta 1996, alikuja mbele. Alikimbia, akapiga mikono chini uso mbele, akatua kwa miguu miwili huku bado akitazama anakokwenda, na kutoka hapo akajipindua mara mbili kwenda mbele na kumalizia na nusu mzunguko. Naomba uelewe ugumu wake. Kwenye raundofu una nafasi ya kurekebisha: ukikosea kidogo, flikiflaki inakuokoa. Kwa Podkopayeva miguu ilipaswa kugonga sakafu ikiwa mbele kidogo ya mwili, imekaza, kwa muda mfupi mno, kama mpira unaodunda. Ukikunja magoti umekwisha. Ile nusu ya mwisho ndiyo ninayoipenda: inamfanya atue akitazama alikotoka, kama mtu wa raundofu. Aliingia kwa mlango wa mbele, akatoka kwa wa nyuma.

Na yupo Daiane dos Santos. Huyu nitakaa naye.

Daiane alitoka Porto Alegre, kusini mwa Brazil, msichana mweusi aliyeuanza mchezo huu akiwa mkubwa kuliko wanavyoanza wengi, katika nchi ambayo haikuwahi kushinda dhahabu ya dunia ya jimnastiki. Anaheim, Marekani, mwaka 2003, akaishinda, kwenye sakafu. Mruko wake ulikuwa ule wa Kiarabu, mara mbili, miguu imenyooka na kiuno kimekunjwa. Mwaka uliofuata akaufanya mwili ukiwa umenyooka kabisa, na yote miwili ina jina lake kitabuni. Kianzio chake kilikuwa cha kawaida: raundofu, flikiflaki. Mtazamaji na mwamuzi wanajiandaa kuona mgongo ukipanda. Basi sekunde ile ile anapoondoka, anageuka nusu, na kile kilichoanza kama safari ya nyuma kinakuwa safari ya mbele. Anachukua nguvu ya nyuma, ambayo ni kubwa, na kubeba hatari ya mbele, ambayo ni ya kutua kipofu. Kama ungemwomba mtu apange njia isiyo na faida dhahiri, angepanga hiyo. Ila ilikuwa na faida moja: miguu ya Daiane ilikuwa na nguvu kiasi kwamba nusu mzunguko haukumpunguzia kimo.

Athens 2004 alikwenda akiwa anategemewa kushinda, na muziki wake wa "Brasileirinho", wimbo wa kasi ambao Wabrazili waliujua tangu zamani. Alimaliza wa tano. Dhahabu ilikwenda kwa Cătălina Ponor wa Romania. Nimetazama ile fainali mara nyingi kuliko inavyofaa kukiri, na kila mara nikifika pale anaposimama kona ya kwanza, kabla ya kukimbia, najikuta nimeshika pumzi kana kwamba safari hii matokeo yatabadilika.

Kuna kona nyingine ambayo siitazami. Hakuna video ya siku hiyo, na hata ingekuwepo nisingeitazama.

Elena Mukhina alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1978, huko Strasbourg. Walimu wake wakamtaka ajifunze mruko wa Kurt Thomas, Mmarekani: unaondoka kinyumenyume, unajipindua mara moja na nusu huku unajizungusha mara moja na nusu, na hutui kwa miguu. Unaishia ukiingia kwa mikono na kujiviringisha chini. Ulikuwa mruko wa wanaume. Hauna nafasi ya makosa, maana kinachoikuta sakafu kwanza, ukikosa kimo, ni kichwa. Mwaka 1979 Mukhina alivunjika mguu. Alirudishwa mazoezini kabla mguu haujapona sawasawa kwa sababu Olimpiki ya Moscow ilikuwa inakuja. Baadaye, akizungumza na waandishi, alisema alimweleza kocha wake kwamba mruko ule utamvunja shingo, na kocha akajibu kwamba watu kama yeye hawavunjiki shingo.

Tarehe 3 Julai 1980, Minsk, mazoezini, akakosa kimo. Alikuwa na miaka 20. Aliishi na mwili uliopooza hadi alipofariki Desemba 2006.

Nimeshasoma maelezo mengi ya ajali ile, na mengi yanauzungumzia mruko wenyewe: ni hatari, ulipaswa kupigwa marufuku. Kweli, na miruko ya namna hiyo ya kuishia kwa kujiviringisha imeondolewa, kwanza kwa wanawake, miaka mingi baadaye kwa wanaume. Lakini mimi naona kosa lilifanyika kabla. Kimo hakitoki hewani. Kinatoka kwenye mguu, kwenye ile sehemu ya sekunde ambayo nyayo ziko chini baada ya flikiflaki, na mguu huo ndio uliokuwa umevunjika. Waliomwambia aruke walikuwa wanahesabu mizunguko ya juu. Aliyekuwa anajua hali ya chini ni yeye, na hakusikilizwa. Yule kijana wa Forodhani akisema miguu imegoma, hakuna anayemsukuma. Anageuka, anaanza namna yake, na asipotaka anakaa ukutani ananunua maji ya miwa.

Nisiwatishe sana. Historia hii ina furaha zake pia. Miaka ya mwanzo ya 1990 Dominique Dawes wa Marekani alikuwa na mkondo ambao ulivuka uwanja kona hadi kona, na pale ambapo kila mtu husimama kupumua na kupunga mikono, yeye akadunda na kurudi alikotoka, mfululizo, bila kituo. Kianzio cha safari ya pili kilikuwa mwisho wa ile ya kwanza. Kihesabu sijui kama ilimfaa kuliko kupumzika. Watu walisimama vitini.

Na raundofu yenyewe ilisafiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Natalia Yurchenko wa Umoja wa Kisovieti aliitoa sakafuni akaipeleka kwenye farasi wa kuruka: badala ya kuliendea dawati uso mbele, akapiga raundofu kwenye ubao wa kurukia na kulifikia dawati kwa mgongo. Hapo ndipo kwa mara moja kianzio kikapata jina la mtu. Leo ukisikia Yurchenko, maana yake ni namna ya kuingia, na yanayofuata ni ya kila mtu na uwezo wake.

Hilo la farasi linanifikisha Tokyo, Agosti 1 mwaka 2021, ambako Jade Carey wa Marekani alikuwa kwenye fainali. Alikimbia vizuri. Karibu na ubao hatua zake zikachanganyika, ile hatua ya kudunda kabla ya raundofu ikamponyoka, na yote aliyoyapanga kuyafanya hewani hayakuwezekana tena. Akafanya mruko mwepesi kabisa, wa kujiokoa, ili asiumie. Alimaliza wa nane kati ya wanane. Hakuna mruko wake uliomshinda siku ile, kwa maana mruko aliokuja nao hakuufikia hata kidogo. Kilichomshinda ni hatua moja.

Kesho yake, Agosti 2, ilikuwa fainali ya sakafu. Simone Biles, ambaye mwaka 2019 alikuwa ameupa ukurasa ule jina jingine kwa kujipindua mara mbili na kujizungusha mara tatu, alikuwa amejitoa. Mwili wake ulikuwa umepoteza dira hewani siku chache nyuma. Carey akasimama konani. Baba yake, ambaye pia alikuwa kocha wake, alikuwa pembeni. Ni saa 24 tu tangu miguu yake imsaliti mbele ya dunia nzima, na mkondo wake wa kwanza ulikuwa wa kujipindua mara mbili mwili umenyooka huku akijizungusha mara mbili, ule wa Victoria Moors. Mbio, raundofu, flikiflaki. Akapata 14.366 na medali ya dhahabu.

Video hiyo nilimwonyesha yule kijana wa makachu jioni yangu ya mwisho Unguja. Tulikaa ukutani, simu katikati yetu, yeye bado analowesha zege. Nilitarajia atashangaa ule mruko. Aliutazama kimya, akachukua simu mkononi mwangu, akairudisha mwanzo. Akairudisha tena. Mara ya nne akaisimamisha pale Carey anapoondoka konani, akaniuliza ametanguliza mguu gani.

Sikuwa nimeangalia.